Uzi wa Buluu

Walishuka na basi la usiku kutoka Kampala,
hamsini ndani ya boksi lenye matundu,
na Onzima akawapokea stendi ya Arua
mswaki ukiwa bado mdomoni.
"Kishingo," akasema. "Kishingo kabisa, risiti hii hapa."
Na kweli: shingo tupu,
kama zilizopitishwa wembe alfajiri ile.

Mama aliweka chini ungo wa muhogo, akawatazama sana.
Yeye ana kishingo wake,
ukoo wa jike mmoja aliyebebwa kwapani kutoka Vurra
mwaka ule alipoolewa.
Vita vilipotufukuza, jike huyo
(hapana, mjukuu wake)
alivuka mpaka wa Kongo ndani ya kapu la mtama,
kimya, kana kwamba ameambiwa.

Mimi sikuvuka.
Mimi nilipakiwa lori kwenda Jinja, kwa shangazi.
Hayo si ya leo.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni:
tukawafunga uzi wa buluu,
kila mmoja, wasichanganyike.
Wiki ya sita tukawafungulia mlango.

Husemwa mwana wa kuku hafunzwi kuchakura.
Sawa. Walichakura.
Lakini methali haikumtaja mwewe.
Kivuli kilipopita uani
wa Mama walikuwa wameshazama chini ya ghala;
wale wa uzi walisimama,
wakainua shingo zao tupu
wakakitazama, kama watoto na helikopta.
Siku nne, tisa.

Waliobaki walikula kama walioalikwa harusini.
Wakataga hata siku za mvua,
wakataga njiani, wakataga ndani ya buti la Onzima,
wakainuka, wakaenda zao
bila kugeuza kichwa.
Trei ziliuzwa. Karo ya Bileni ikalipwa.
Sitaki kusema uongo: karo yote.

Kuku wa Mama hutaga kumi na tatu, basi,
kisha huvimba manyoya, huwa jiwe,
siku ishirini na moja hataki mtu.
"Huyu hasara tupu," Onzima husema.
"Na wewe ulikuwa hasara," Mama humjibu, "miezi tisa."

Januari mdondo ukaja na vumbi.
Wa boksi walikuwa wametiwa tone la dawa jichoni.
Wa Mama, hapana. "Hawa wana damu," alisema,
akamrudisha bwana mifugo na chupa yake.
Damu haikutosha.
Tulizika kwa jembe, asubuhi tatu mfululizo,
na jogoo wa mwisho wa Vurra
nilimkuta mlangoni, kichwa kimepinda
kama anayesikiliza kitu ndani ya ardhi.

Akabaki jike mmoja.
Usiku Mama akaingia bandani bila taa.
Sikuulizwa, nilishika tu kikapu.
Manne yake mwenyewe, saba ya wale wa uzi,
akayasukuma mmoja mmoja chini ya kifua,
na lile jike likayapokea
likilalamika, kama mtu anayesogea
ampishe mgeni kitandani.

Wametoka kumi.
Usiniulize yupi ni wa nani.
Onzima amenunua rola nzima ya uzi,
iko dirishani, hakuna aliyeifungua.

Jana nilikuwa naanika simsim.
Jike likatoa sauti moja, ya chini, kooni,
siyo kelele, ni kama kukwaruza chungu,
na uwanja ukawa mtupu.
Kumi chini ya mbawa. Hata lile jitu la mayai,
zito, uzi umechakaa mguuni,
lilikuwa limejibanza ghalani, matako nje.
Kivuli kikapita.

Kisha nikamsikia Mama akicheka
hadi akaushika ukuta,
na ndipo nikajiona:
nimechutama kando ya jamvi,
mikono kichwani,
simsim imemwagika yote.